Joho la Bei ya Kutupa

Mtu akitaka kujua jinsi Torgyn alivyochoshwa na mumewe, hana haja ya kuuliza. Aende tu nyuma ya nyumba yao, pale mjini Shymkent, afungue mlango wa banda, na ajihadhari asiangukiwe. Mlikuwa na mashine ya mazoezi ya kukimbia ambayo hakuna aliyewahi kuikimbilia, akodioni iliyong'oka vitufe, tangi la samaki lisilo na samaki, milango minne ya mbao nzito isiyotosha fremu yoyote duniani, na kiti cha daktari wa meno, kizima, pamoja na taa yake. Vyote hivyo Orazbek alivinunua kwenye mtandao wa matangazo, kwa watu waliokuwa wanahama, wanaachana, au wamechoka tu kuviona vitu vyao. Na kila alipoleta kitu, alikileta na wimbo uleule.

"Mama Zhibek, usiulize! Bei ya kutupa!"

"Basi kilikuwa kimeshatupwa," Torgyn humjibu. "Wewe umekwenda kukiokota."

Maneno hayo hayakumwingia. Orazbek alikuwa fundi wa lifti, na kazi ya lifti ina kungoja kwingi: kungoja umeme, kungoja kipuri, kungoja mwenye funguo. Muda wote huo simu ilikuwa mkononi, anapekua matangazo. Kitu chenyewe wala hakukihitaji. Alichokitaka ni yale mabishano ya bei kwenye ngazi za jengo la mtu asiyemjua, na furaha ya kurudi nyumbani akiwa ameshinda. Kisha ushindi huo sharti utangazwe. Aliwatajia bei wageni, aliwatajia majirani, na siku moja alimtajia imamu aliyekuja kusoma dua ya msiba, kwamba zulia alilokalia lilipatikana kwa nusu ya nusu. Torgyn alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alivumilia hayo yote kwa sababu hayakumdhuru mtu. Lakini sasa Zhibek, mtoto wao wa pekee, alikuwa anaolewa mji wa Taraz, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuvikwa.

Kuvika wakwe si jambo la mzaha. Baada ya nyama, baba wa bwana harusi huvikwa joho mabegani mbele ya ukoo mzima, na macho yote huwa kwenye joho hilo: mahameli gani, uzi gani, bitana gani. Likiwa zuri, bibi harusi huingia kwa wakwe kichwa juu. Likiwa hafifu, husimangwa nalo kila akimimina chai. Torgyn hakuhadithiwa haya. Baba yake, mtu wa hali ya chini, alimvika mkwe wake koti la kodroi, kitambaa cha bei rahisi, na mama yake Orazbek, mpaka anaingia kaburini, hakuacha kumwita "yule wa koti la kodroi". Aliapa kwamba binti yake hatalionja hilo.

Tena Kulpash, mama wa Yerasyl, bwana harusi, hakuwa mtu wa kudanganyika. Siku alipokuja kumvisha Zhibek hereni za uchumba, aliketi akakisugua kitambaa cha meza kwa vidole viwili, kisha akaigeuza sahani chini juu kutazama imetengenezwa wapi. Aliirudisha tu sahani mahali pake, taratibu, na Torgyn hakulala wiki nzima.

Kwa hiyo Torgyn alijinyima. Hela ya joho aliiweka pembeni, akachagua duka, duka la Sabira pale sokoni, na akachagua mpaka rangi. Ila mkuu wa shule ya chekechea alikokuwa mpishi alimnyima ruhusa mpaka Ijumaa, na Sabira alikuwa anafunga duka Alhamisi kwenda kuzuru kaburi la walii kule Turkestan na dada zake. Ndipo Torgyn alipofanya kosa ambalo mpaka leo hajajisamehe: alimtuma Orazbek.

Jumatano jioni Orazbek aliingia na mfuko mkubwa, anang'aa uso mzima. Alilitandaza joho kitandani. Lilikuwa la mahameli ya buluu iliyokoza, limetariziwa pembe za kondoo kwa nyuzi za dhahabu kuanzia kwenye kola mpaka kwenye pindo, na kwa kweli lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomtia Torgyn wasiwasi.

"Hili si la dukani kwa Sabira," alisema.

"Sabira mwizi yule! Sikiliza. Kuna binti mmoja mtaa wa Nursat kaweka tangazo: joho jipya, halijavaliwa, saizi kubwa sana. Picha yenyewe moja, tena ya giza. Watu wameipita hivihivi. Mimi nikaivuta picha, nikaona dhahabu inameta. Nikasema, Orazbek, mali hiyo!"

"Umemnunulia mkwe wetu mtumba."

"Mtumba gani? Halijavaliwa hata siku moja! Nusa."

"Ninuse nini wewe baba?"

"Nusa, utasikia harufu ya sanduku tu. Kwani hujui majoho ya mji huu yanavyozunguka? Mtu anavikwa leo, kesho kutwa anamvika mwenzake. Wewe mwenyewe lile ulilopewa na shangazi ulimpelekea mke wa jirani yetu Nurlan, tena na utepe juu!"

"Lile nilipewa mkononi! Sikwenda kuliokota kwenye simu!"

Zhibek, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani, alilinyanyua joho akalipima kwa urefu. Kisha akaikutanisha mikono yake, wa kushoto na wa kulia.

"Baba, huu mkono mmoja mfupi."

Ilikuwa kweli. Mkono wa kulia ulipungua upana wa vidole vitatu hivi. Torgyn aliutazama mkono ule, akamtazama mumewe, na mumewe akaanza kukuna shingo.

"Nimeuona," alisema Orazbek. "Ndiyo maana nikapunguziwa tena! Mpaka nauli ya basi yule binti alinirudishia."

"Nilikupa hela ya joho zima, unaniletea joho kilema, halafu unacheka! Haya, salio liko wapi? Kesho asubuhi kabla Sabira hajafunga nitakwenda mwenyewe, kazi waache wanifukuze."

Orazbek alitoka nje, na aliporudi alikuwa amekumbatia samova ya shaba, birika la chai la kuni linalotosha kuogeshea ndama.

"Na harusi nayo inataka chai," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe mwenyewe ulisema tuna birika dogo."

Torgyn aliketi kitandani, juu ya mahameli yenyewe, akashika kichwa. Hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Zhibek ndiye aliyesema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba, ni mimi ninayekwenda kuishi kule."

Orazbek aliiweka samova chini. Kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulishuka. "Najua, mwanangu. Lakini ulimtazama baba mkwe wako Tulegen siku ya hereni? Jitu lile! Joho alilolivaa lilimfika hapa," akajikata kwa kiganja karibu na kiwiko. "Dukani hakuna linalomtosha. Nimekwenda kwa Sabira, wallahi nimekwenda, nimeyapima yote kwa mikono yangu. Hili ndilo pekee."

Torgyn alimjua mumewe. Alikuwa na uwezo wa kumwamini na kutaka kumpiga kwa wakati mmoja. Hela haikuwepo tena. Mkopo hakutaka.

"Sawa," alisema. "Lakini nakuambia hivi, baba Zhibek. Ukitaja bei mbele ya wakwe, ukithubutu tu kufungua mdomo, nitakuuza wewe kwenye huo mtandao wako. Na nitakuwekea picha ya giza."

Jumamosi wakwe waliwasili na magari matatu, wakarushiwa pipi za baraka mlangoni, wakaketishwa mahali pa heshima. Walilishwa mkia wa kondoo na ini, kisha beshbarmak, nyama juu ya tambi pana, kisha maziwa ya ngamia. Kulpash alisugua kitambaa cha meza. Kilikuwa kipya, na Torgyn alimwona akiitikia kidogo kwa kichwa, kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama ya kupita. Kila kitu kilikwenda vizuri, lakini joho lilikuwa bado.

Wakati ulipofika, Tulegen alisimama, na chumba kikawa kidogo. Alikuwa mpiga mieleka ujanani, mrefu, mabega kama ng'ombe dume, na mpole wa maneno. Torgyn alijipenyeza akasimama upande wake wa kulia, tayari kuufunika ule mkono mfupi kwa mwili wake akiweza. Orazbek na kaka yake walilirusha joho mabegani mwa mkwe. Wanawake walirusha pipi. Tulegen aliingiza mkono wa kushoto, akaingiza wa kulia, akainyoosha yote miwili mbele yake.

Joho lilimkaa sawasawa. Mabega yalitua mahali pake, pindo likafika linapotakiwa, mkono wa kushoto uliishia kwenye kifundo, na wa kulia nao uliishia kwenye kifundo, bila kuzidi wala kupungua. Hapo ndipo Torgyn alipoona kitu ambacho hakukigundua siku ya hereni: mkono wa kulia wa Tulegen ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto. Uliwahi kuvunjika, ukaunga vibaya.

"Loo!" alisema bibi mmoja wa Taraz. "Wamemshonea kwa kipimo! Hata mkono wake wa mieleka wameukumbuka!"

Sifa zikaanza kumiminika. Tulegen mwenyewe alitazama kifundo kimoja, akatazama cha pili, akapapasa dhahabu ya kifuani kwa kidole. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Yerasyl, umeona?"

Kulpash alikuwa ameona. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Mkwe," Tulegen akamwuliza Orazbek, "fundi gani huyu aliyenishonea hivi?"

Orazbek alivuta pumzi, akatanua kifua, akafungua mdomo. Torgyn aliujua ufunguzi ule wa mdomo. Ulikuwa ni wa "usiulize, mkwe". Hakufikiri. Alichota bonge la mkia wa kondoo kwenye sahani, akamsokomezea mumewe lote kwa mkono, mpaka mafuta yakamchuruzika kidevuni. Kwa kuwa kulishana kwa mkono ni desturi yao, chumba kizima kilipiga makofi na kuangua kicheko, na swali likapotelea humo.

Torgyn alikimbilia jikoni. Hakuwa amefika mbali na mlango pale aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Kulpash, ameshika kilemba, na aliufunga mlango kwa mgongo.

Ndiyo mwisho, Torgyn aliwaza. Amelijua kuwa la mtumba. Tayari alimwona Zhibek akimimina chai Taraz huku akiitwa "yule wa joho la kuokota".

"Mkwe," alianza, "nitakueleza. Mume wangu ana ugonjwa..."

"Mkwe, nakuomba," Kulpash alimkatiza, na akamshika mikono yote miwili. "Usimwambie. Usimwambie Tulegen mlilitoa wapi. Nakuomba kwa mtoto wako na wangu."

Torgyn alibaki kamtumbulia macho.

"Mliuziwa Nursat, si ndiyo? Na binti? Yule ni mpwa wangu." Kulpash aliketi juu ya gunia la unga bila kulipangusa, yeye wa kugeuza sahani. "Majoho yamejaa ndani kwangu, mkwe. Kila sherehe joho, kila sherehe joho, wala hakuna hata moja linalomtosha, mimi yote nakunja tu natupia sandukuni. Mwaka huu nikachoka. Nikampakilia mpwa wangu furushi, nikamwambia uza huko Shymkent, Taraz wataniona. Sikutazama mle ndani. Sikutazama, mkwe! Kumbe mle lilikuwemo la marehemu kaka yake Tulegen. Alimshonea mwenyewe, kwa mkono, alikuwa fundi. Halafu akafa kabla ya kumwona mdogo wake amelivaa. Tulegen hakuwahi kulivaa. Alisema atalivaa moyo ukipoa."

"Na yeye hajui?"

"Anadhani liko chini kabisa ya sanduku. Sasa atafikiri nini? Majoho mawili sawa, na mkono wa kulia? Atakwenda nyumbani kufungua sanduku!" Alianza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akijipiga paja. "Mjinga mimi! Nakagua meza za watu, sanduku langu silikagui!"

Torgyn alijikuta amekaa naye kwenye gunia. Alikuwa na haki ya kufurahi na alijua hivyo. Mwanamke huyu alimkosesha usingizi wiki nzima kwa sahani. Lakini hakufurahi. Alihisi uchovu tu, na hasira kwa wanaume, masanduku na simu zote za dunia.

"Sitasema," alimwambia. "Na wewe hujui kama tulilinunua."

"Niyasikie wapi mimi maneno hayo? Zhibek atakuwa mboni ya jicho langu, mkwe. Wallahi."

Torgyn alimnawisha uso, akamrudisha kwa wageni. Kisha alitoka uani kuchukua chai, maana ile samova ya kuogeshea ndama, Mungu amsamehe, ndiyo ilikuwa ikichemka kule nje. Alipokuwa ameinama kuongeza kuni, alisikia sauti upande wa pili wa banda. Tulegen alikuwa ametoka kupunga upepo, na Orazbek alikuwa naye.

"Mkwe," Tulegen alikuwa akisema, "nililitafuta joho hili msimu wote wa baridi. Sanduku nililipekua mpaka chini, mke wangu akiwa sokoni. Nikajua amelitoa pamoja na mengine. Sikumwuliza. Ningemwuliza angejichukia, na joho lisingerudi."

Torgyn alishikilia ukuni mkononi, hathubutu kuutia wala kuuweka.

"Nimelisikia mwilini kabla sijafunga kifungo. Binti yenu ameniletea kaka yangu nyumbani. Kule Taraz hakuna atakayefungua mdomo kumsema binti huyo nikiwa hai, mke wangu awe wa kwanza kusikia. Lakini nikuulize jambo moja, kisha hatutalizungumza tena. Mlilinunua, najua. Hesabu siitaki. Nataka kujua tu: liliuzwa kama takataka?"

Torgyn alifumba macho. Hapa hapakuwa na mkia wa kondoo. Alimjua mumewe, na tangu Jumatano alikuwa anakufa kwa kukosa mtu wa kumwambia ile bei. Alitaka kutokeza, adondoshe samova, apige ukelele wowote, lakini Orazbek alikuwa ameshafungua mdomo.

"Takataka?" Orazbek alisema. "Mkwe, yule binti alinitoa jasho! Nimemsihi kwenye ngazi mpaka majirani wakachungulia. Hashuki! Namwambia, mwanangu, nina harusi. Ananiambia, baba, hili mwenyewe kasema si la kuchezea, likirudi lirudi. Nikalipa yote aliyotaja. Halafu nikaongeza juu, kwa kuogopa mwingine asije akalichukua."

Tulegen alivuta makamasi kama mtoto.

"Basi vizuri," alisema. "Vizuri, mkwe."

Hatua zake nzito zilirudi ndani. Orazbek alizunguka banda na kumkuta mkewe amesimama na ukuni, machozi yakimtiririka. Alishtuka kama mwizi aliyefumaniwa.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Torgyn aliijua bei. Alitajiwa Jumatano, akatajiwa tena Alhamisi kwenye chai, pamoja na habari za nauli ya basi. Tangu aolewe hakuwahi kumsikia mtu huyu akipandisha bei ya kitu, hata kwa mzaha, hata kwa kumficha mtu wa kodi. Alitaka kumkumbatia, na mkononi alikuwa na ukuni.

Orazbek alitazama huku na huku, akamsogelea, akamnong'oneza kwa uso wa mtu aliyefikwa na aibu ya kweli.

"Mama Zhibek, hili liishie hapahapa. Jamaa zangu wa kazini wakisikia nililipa bei yote, tena nikaongeza juu, nitaishi wapi mimi?"